Sheria za Gofu za Mtani Wangu

Nilimsahihisha mwamuzi. Niliseme hilo kwanza mwenyewe, maana nusu ya mtaa wetu wa Gongoni imeshalisema kabla yangu, na kila anayelisimulia anarefusha kidole nilichomnyooshea. Sikumnyooshea kidole. Nilimshika bega, tena kwa upole, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni choo kilipo, nikamwambia: "Mzee wangu, hapo umepitiwa. Treni ikipiga honi wakati fimbo iko juu, pigo halihesabiwi."

Mwamuzi alikuwa ametoka Mwanza. Alikuwa amesimamia gofu miaka mingi kuliko niliyokaa na mke wangu. Alinitazama, akatazama reli, akanitazama tena.

"Sheria hiyo inatumika wapi?" akauliza.

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Nchi zote zenye reli."

Sasa mtu mwenye akili zake anafikaje hapo? Mimi ni fundi wa makochi. Nimesoma hadi kidato cha nne na nikafaulu kiasi cha kutowatia aibu wazazi, basi. Kazi yangu naifanyia barazani kwangu. Makochi ya watu yanaletwa yamechanika na kubonyea, yanarudi yamenona. Sijawahi kuona haja ya kwenda mahali ambako kochi lenyewe linaweza kuja. Mke wangu huwaambia wageni kwamba hata kaburini nitapelekwa kwa kusukumwa. Babu zangu walitembea kutoka hapa hadi pwani na mizigo kichwani, wakarudi kwa miguu hiyo hiyo. Mimi naona walitembea na sehemu yangu.

Kwa hiyo gofu sikuifuata. Ilinifuata. Pale uwanjani kuna kijumba chenye viti vya zamani, na siku moja viti vyote vililetwa kwangu kwa mkokoteni kubadilishwa vitambaa. Juu ya kiti kimoja, amekunja nne kama liwali, alikuwa amekaa mtani wangu.

Yeye ni Mgogo, mimi Mnyamwezi. Misafara ya wazee wangu ilipokatiza Ugogo, wazee wake waliitoza hongo ya kupita na hongo ya maji ya kunywa. Ugomvi ule ulizeeka ukawa utani, na utani ndio unaotupa ruhusa ya kutukanana hata mbele ya wakwe. Baba yangu alipofariki, mtani huyu alilala kifudifudi mlangoni akazuia jeneza lisitoke, akidai marehemu hajalipia maji aliyokunywa babu yake njiani. Watu walicheka huku wanalia. Sitamsahau kwa lile. Alikuja Tabora kwa kazi ya reli, akastaafu, akasahau kurudi kwao, na kwa miaka yote hiyo asubuhi yangu haijaanza mpaka nisikie sauti yake kutoka barabarani:

"We mpagazi! Umeamka? Mzigo uko wapi?"

"Nimeulalia, mla hongo. Usije ukautoza."

Hapo jirani yangu, mama anayekaanga maandazi upande wa pili wa ukuta, hupiga mwiko kwenye karai na kusema, "Haya, wendawazimu wameamka." Ukuta ule ni mwembamba. Mama huyo ameshuhudia maisha yangu yote bila kuhitaji dirisha.

Basi siku ile ya mkokoteni mtani akasema viti vya gofu havishonwi na mtu asiyeijua gofu. Nikasema kochi ni kochi. Akasema ndiyo maana babu zangu walibebeshwa meno ya tembo wakidhani ni kuni. Jumamosi nikaenda, kumkomesha tu. Nikapiga mpira wa kwanza, ukapaa, ukanyooka, ukatua mbali kuliko nilivyowahi kusafiri mwaka ule. Nikanasa.

Uwanja wetu usiufikirie kama ule wa kwenye televisheni. Majani yapo wakati wa masika. Kiangazi ni udongo mwekundu, majani makavu ya miembe na vichuguu. Pale penye shimo hatuna zulia la kijani, tuna mchanga uliomwagiwa oili chafu ya gari ili upepo usiuchukue, na ukishamaliza kucheza unaburuta gunia kufuta nyayo zako. Mbuzi hupita. Reli iko karibu, na treni ikikaribia makutano hupiga honi ndefu ya kuamsha wafu.

Na sheria? Sheria za gofu nilifundishwa na mtani wangu. Nilimwamini kwa sababu alizitaja kwa uso mkavu, yeye ambaye hata salamu haitoi bila kucheka. Alinifundisha kwamba mpira ukiingia kwenye kichuguu chenye mchwa hai, unautoa bure. Kichuguu kikiwa kimekufa, unaupiga hapo hapo ulipo. Kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilikuwa nikipiga magoti na kugonga vichuguu, nikitega sikio kama daktari. Alinifundisha kwamba kivuli changu kikigusa mpira wa mwenzangu, naongezewa pigo. Jua la jioni likiwa limelala, kila mwenzangu alipotaka kupiga nilikuwa nachutama, nazunguka, najificha nyuma ya mti. Alinifundisha kwamba majani makavu yaliyolala karibu na mpira ni mali ya uwanja, ni marufuku kuyagusa. Na alinifundisha ile ya honi. "Gofu ni mchezo wa kimya," alieleza, "hata kukohoa ni kosa. Sasa honi ya treni si kikohozi cha serikali? Ndiyo maana wakaweka sheria: honi ikilia fimbo ikiwa juu, unarudia."

Ilinishawishi. Naona aibu kuandika, lakini hata leo nikiitafakari naona ina hoja.

Usidhani wenzangu walikuwa na nafuu. Nimechunguza baadaye, kwa uchungu, nikagundua kwamba pale kwetu hakuna aliyewahi kuzisoma sheria. Kila mtu alirithi za aliyemfundisha, kama watu wanavyorithi dawa ya mchango. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaamini mpira uliopotea unatafutwa mpaka mtafutaji achoke. Mwalimu mmoja mstaafu husogeza mpira kila unapokaa juu ya mzizi, kwa sababu, anasema, fimbo ni ghali. Muuguzi wa hospitali hutetea sheria kwamba pigo la kwanza la siku ni la kuamkia tu. Wakikutana hawa kwenye mchezo mmoja hawabishani kuhusu nani kashinda. Wanabishana kuhusu walichocheza. Na ubishi ukizidi, mtani wangu ndiye aliyekuwa akiitwa kuamua. Aliamua huku ameinua kidevu, na tuliridhika. Kwenye nchi ya vipofu, yeye angalau alikuwa na miwani.

Ndipo ikaja habari ya Mwanza. Wachezaji wa kule walitualika: tupeleke watu wanne, kwa treni, wakacheze kando ya ziwa. Nafasi tatu zilijulikana za nani. Ya nne ingepatikana kwa mashindano, na mwamuzi angekuja kutoka huko huko ili pasiwe na manung'uniko.

Sijui kilichonipata. Mimi niliyekosa harusi ya mdogo wangu Bukene, ambako treni inasimama mlangoni mwa watu, nikaanza kuiota Mwanza. Niliitaka ile nafasi kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nioe. Nilijishonea mfuko wa fimbo kwa kitambaa cha kochi kilichobaki, cha maua makubwa mekundu. Nilimwambia mke wangu anitafutie sweta, nimesikia upepo wa ziwa una meno. Mke wangu alikaa kitako.

"Wewe? Kwa treni? Na utalala huko?"

"Nitalala."

Kutoka upande wa pili wa ukuta sauti ikasema: "Mwacheni aende. Akirudi tutampokea kwa ngoma kama hujaji."

Mtani naye aliitaka nafasi hiyo, alinitamkia waziwazi. Sikuona ubaya. Tulizoezana pamoja, tukitukanana toka shimo la kwanza hadi la mwisho. "Ukipata wewe," alisema, "nitakutoza hongo ya kupita Shinyanga." "Ukipata wewe," nikamjibu, "nitaandikia Mwanza barua wafunge visima."

Siku ya mashindano nilicheza kama niliyepagawa. Sijui kama ni sweta, maana nililivaa kwa mazoezi, jua lote lile. Tulipofika shimo la mwisho wengine walishatupwa mbali. Tulibaki mimi na mtani, na mimi nilikuwa mbele yake kwa pigo moja. Watu walikuwa wamejaa karibu na kijumba, wamekalia viti nilivyovishona. Nikaweka mpira. Nikainua fimbo. Treni ikalia.

Nilishtuka, mpira ukapinda, ukavuka vigingi vyeupe vya mpaka, ukaingia kwenye shamba la karanga la watu. Wote wakaguna. Mimi nikacheka. Hebu fikiria: nilicheka kwa furaha, nikatoa mpira mwingine mfukoni, nikauweka, nikampungia mkono dereva wa treni. Nikapiga, ukaenda vizuri sana. "Moja," nikasema.

"Tatu," akasema mwamuzi.

Yaliyofuata umeshayasikia. Bega, upole, nchi zote zenye reli. Mwamuzi hakunifokea, laiti angenifokea. Alisema mpira ukitoka nje ya mpaka, lile pigo linahesabiwa na unaongezewa jingine la adhabu, iwe treni imelia au imeimba. Kisha akauliza kwa mshangao wa kweli: "Nani alikufundisha haya?"

Nikageuka kumtazama mtani.

Nikueleze nilivyojisikia dakika ile, maana ndiyo dakika ninayoiandikia haya yote. Sikukasirika. Nilielewa papo hapo: miaka miwili ya kugonga vichuguu, ya kuchutama nyuma ya miti, yote ilikuwa kazi yake, na moyoni nilimvulia kofia. Ulikuwa utani mkubwa kuliko ule wa jeneza. Nilimnyooshea fimbo, meno nje, nikingoja aanguke chini kwa kicheko na kupiga kelele, "Mpagazi! Nimekubebesha!" Ningemrukia, tungebiringishana kwenye oili chafu, watu wangelia machozi, na Tabora ingesimulia hadi wajukuu. Pengine hata mwamuzi angecheka. Pigo lingehesabiwa, sawa, lakini ningepigwa nalo nikiwa na mwenzangu.

Mtani alikuwa anafuta mpira wake kwa leso. Aliufuta kwa makini, kama yai. Hakuinua macho.

"Mimi nacheza naye tu," alisema. "Sijui haya ameyatoa wapi."

Watu wakacheka, ndiyo. Walinicheka mimi. Nikaendelea kumtazama na kutabasamu, kwa sababu nilidhani ni sehemu ya mzaha, kwamba nusu ya pili inakuja. Mtu mmoja akasema fundi makochi ana sheria zake za stesheni. Mtani akaweka leso mfukoni. Nusu ya pili haikuja. Wakati huo tu ndipo nikaelewa: angekiri kwamba ndiye mwalimu wa uongo ule, mwamuzi angemtilia shaka na yeye, na yeye alikuwa anaitaka Mwanza.

Mtani kukudanganya si kosa, ni haki yake. Lakini siku zote mzaha wa utani una mwenyewe. Mtani hukutia matope kisha akasimama juu ya kichuguu na kujitangaza. Aliyelala mlangoni kwenye msiba wa baba yangu hakuficha uso. Huyu aliyefuta mpira kwa leso, sikumjua.

Nilimaliza mchezo kwa mikono ya mtu mwingine. Alinishinda. Akashikwa mkono, akapigwa picha, akapewa nafasi ya nne.

Mwamuzi alinihurumia. Alikaa nami kwenye kiti nilichokishona, akanipa soda, akanieleza sheria chache za kweli. Kivuli hakina kosa. Kichuguu hakihitaji kupimwa mapigo ya moyo. Tena mpira ukitua kwenye shimo la mnyama, unaruhusiwa kuutoa bila adhabu, awe mwenye shimo yu hai au amehama. Halafu akasema majani makavu unaruhusiwa kuyaondoa, mradi mpira usisogee. Hilo ndilo lililoniuma kupita yote, sijui kwa nini. Viangazi viwili nimepiga mipira kupitia majani ya miembe, nikimeza vumbi, nayo yalikuwa ni ya kuokota tu na kutupa.

Nyumbani nilikuta mke wangu amechemsha maji ya kuoga na kukunja nguo za safari kitandani. Hakuuliza. Habari ilikuwa imeshafika kwa njia ya maandazi. Alizirudisha kabatini moja moja, na sweta akaliweka chini kabisa.

"Nilijua hutaenda," alisema, "lakini sikujua utatolewa na yule."

Walisafiri. Kwenye kikundi chetu cha simu zikaja picha: mtani juu ya jiwe kubwa, nyuma yake ziwa, mtani anakula, mtani amevaa kofia ya kupewa. Kila mtu aliweka pongezi. Mimi nilikuwa na kochi la watu watatu barazani, nimelipasua mgongo, napiga misumari. Nilipiga misumari mingi kuliko lile kochi lilivyohitaji. Treni za Mwanza zikilia nilijikuta nasimamisha nyundo hewani, kama mjinga, nasubiri ipite.

Nilipanga matusi. Usiku nilikuwa silali, napanga. Nilikuwa na ya ukoo wake, ya miguu yake, ya ile kofia. Lakini kila nilipoyapanga yalikuwa yanakuja yenyewe katika sauti ya utani, na utani ndio kitu ambacho sikutaka kumpa tena. Nikaanza kuelewa kwamba silaha kali kuliko zote ninayo, na hata mtoto wa Tabora anaijua: mtani ukitaka kumuua, mpe heshima.

Alirudi siku ya Jumatatu. Nilimsikia kabla sijamwona, kutoka barabarani, sauti ile ile lakini imepandishwa kidogo, kama redio ya mtu anayeogopa nyumba tupu.

"We mpagazi! Uko hai? Mzigo wangu uko stesheni, kaubebe!"

Niliweka nyundo chini. Nikasimama. Nikajifuta mikono.

"Karibu sana, ndugu yangu," nikasema. "Habari za safari? Pole na uchovu."

Alisimama penye ngazi. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, ndani samaki wawili wakavu, sato wakubwa.

"Nimekuletea," akasema. "Mpagazi hapewi samaki mbichi, atamwozea njiani." Akacheka peke yake.

"Ahsante. Mungu akuzidishie." Nikapokea kwa mikono miwili. Nikamwita mke wangu alete chai na kiti kizuri, kile chenye mto. Nikamuuliza hali ya watoto wake. Nikamuuliza mvua zikoje huko alikopita. Nikamwambia tumefurahi kwa ushindi wake.

Alikaa ukingoni mwa kiti, kikombe mkononi, hanywi. Akajaribu tena, akasema mkono wa kochi ninaloshona umepinda kama miguu ya babu yangu. Nikasema, "Kweli, umeona vizuri, nitaunyoosha." Akajaribu hongo. Nikatabasamu. Niliona uso wake unavyoshuka, na nitasema kweli, utamu ulikuwepo. Ulikuwepo kwa muda mfupi.

Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Nitukane," akasema.

"Siwezi, ndugu yangu. Wewe ni mgeni."

"Mgeni!" Alitazama mikono yake. "Nilitaka kusema pale pale. Ulimi ulikuwa umeshafika hapa. Kisha nikaona ile treni... Ningesema, wangeninyima."

"Wangekunyima," nikakubali. "Karibu chai, inapoa."

Hakunywa. Alinyanyuka, akaaga kama watu wanavyoaga ofisini, akashuka ngazi zile ambazo hakuwahi kuzishuka bila tusi. Nilimtazama mpaka akakata kona. Kichwa hakugeuza. Nilibaki na mfuko wa plastiki magotini, nikijisikia kama mtu aliyeshinda kesi kisha akasahau alikuwa anadai nini.

Upande wa pili wa ukuta mwiko ulinyamaza. Jirani yangu alitoka na unga mikononi, akasimama barazani kwangu, akatazama kile kikombe kilichojaa, akatazama magoti yangu, akasema: "Kakuuza kwa safari ya Mwanza, sikatai. Ila na wewe, samaki umempokea, mtu umemrudisha."